Kisu cha Siku ya Mashahidi

Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeandika hivyo, kisha nikasimamisha kalamu. Wewe ulikuwa unaitikia "Milele amina" kabla mtu hajamaliza, kama anayewahi kiti. Hapa Lindi, chumbani kwangu Mtanda, hakuna aliyewahi.

Nimerudi jana kutoka nyumbani. Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda imepita, ya kwanza bila wewe, na nimeona habari zake uzipate kwangu, kabla hajakufuata mtu mwingine huko akakueleza kwa namna yake.

Sijui unakumbuka nini cha mwaka jana. Uliongoza litania kanisani, ukala nyama ya mbuzi, ukamtania jirani yako Mzee Mbaraka, ukainuka kwenda kunawa mikono. Pale penye ndoo ukaanguka. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Tulikushusha kwa pikipiki hadi Kiranjeranje, mimi nimekukumbatia kwa nyuma usije ukaniponyoka, na hapo tukapata gari la kutufikisha hospitalini. Hukusema tena neno. Ulipofariki, daktari aliniita pembeni akaniambia ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Akauliza kama ulikuwa unameza dawa. Mama akajibu kwamba hukumeza tangu novena, zile sala za siku tisa, ilipoanza. Ulifunga, Baba. Ulifunga hadi vidonge.

Hayo niliyaeleza msibani. Sauti yangu unaijua, haikufika hata jamvi la pili. Baba Mdogo Deusi alikuwa anasema yake, na yeye sauti anayo: kwamba mtu mzima hawezi kula nyama, akainuka, akaanguka hivi hivi tu. Kwamba mbuzi yule alipita mkononi mwa nani? Hakutaja jina. Haikuwa lazima. Kila mtu kwetu anajua siku ya Mashahidi kisu kinashikwa na nani.

Mimi nilikua nikidhani ni hivyo duniani kote. Mpaka nilipokwenda kusoma ndipo nikajua kuna mahali Wakristo wanachinja wenyewe na kula wenyewe. Kwetu, Misa ikiisha, wewe katekista unakitoa kisu chenye mpini wa mpingo kutoka kwenye kanga ya Mama, unamkabidhi jirani yako Mwislamu kwa mikono miwili mbele ya watu, achinje yeye ili kijiji kizima kile sufuria moja. Naye kila mwaka lile lile: "Ninyi watu wa watakatifu! Bila mkono wangu leo mngekula mchicha." Nawe: "Chinja, mtani, maneno hayaivi." Na Idi ikifika, wa kwanza kuketi kwenye mkeka wake ni wewe.

Sasa sikiliza. Tulipomaliza arobaini yako, wanawake kisimani waliacha kumwitikia Mzee Mbaraka salamu. Mihogo yake iling'olewa ikiwa bado michanga, ikaachwa imelala juani. Jiko lake la makuti liliungua mchana kweupe, watu wamesimama wanatazama, akalizima mwenyewe kwa mchanga. Binti yake wa Kilwa Kivinje akaja kumchukua. Alikataa. Alisema, "Nikihama nimekiri."

Mwezi uliopita Mama akanipigia simu. Hakusalimia. "Kizito, kisu mwaka huu nani? Baba yako mdogo ananoa cha kwake."

Nilielewa. Kisu kikipita kwa mkono mwingine mbele ya watu wote, nyumba yako itakuwa imetamka kwamba Mzee Mbaraka alikuua. Baba Mdogo alikwisha kuzungumza na mganga aje amnyoe mzee hadharani, kama wanavyonyolewa wachawi. Alikuwa anangoja sikukuu tu. Na wanaonyolewa, Baba, hawakai sana baada ya hapo. Mara nyumba inaungua na mwenyewe ndani.

"Wewe ndiye mwana mkubwa," Mama akasema. "Kukabidhi ni kwako." Akakata.

Mimi! Mimi ambaye dukani, kabla sijampa mteja risiti ya misumari, naisoma na kuisoma tena mpaka foleni inaguna. Tajiri wangu Mhindi husema, "Kizito, wewe hata kivuli chako unakipigia hodi." Nilipomwomba ruhusa alinitazama usoni, akauliza kuna msiba. Nikasema bado. Sijui kwa nini nilisema bado.

Uliniita Kizito kwa ajili ya shahidi mdogo kuliko wote waliochomwa kule Namugongo, kwa kuwa nilizaliwa dhaifu na hukudhani ningevuka wiki. Nilipoogopa radi, nilipoogopa mbwa wa kina Mzee Mbaraka, ulinipakata ukanieleza kwamba hata yule mtoto aliogopa, na mkubwa wao, Karoli Lwanga, alimwahidi kwamba saa ikifika atamshika mkono waende pamoja. "Hakuna aliyemwambia asiogope," ulikuwa unasema. "Aliambiwa tu kwamba atashikwa mkono."

Nilifika nyumbani siku moja kabla, jua halijazama, nikaenda moja kwa moja kwa mzee. Alikuwa anapepeta ufuta uani, peke yake, mgongo ameupa njia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kunizika au kuninyoa?"

Nikamwambia nimekuja kumwomba kesho ashike kisu, kama siku zote. Akapepeta, akapepeta. "Mkono wangu umeshika kutu, mwanangu. Kuleni mchicha." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa pindo la kikoi. Nikaondoka sijui kama hilo ni jibu au ni utani wenu.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kusi, umande mpaka kwenye mabenchi. Mama alikuwa ametandika altare kitambaa chekundu, na Padre alivaa nyekundu ya mashahidi. Litania ilisomwa na Baba Mdogo. Sitamdhulumu, aliisoma vizuri. Sauti yake ni yako. Nilifumba macho nikashindwa kuendelea kuyafumba. Alipofika kwa Mtakatifu Kizito watu wakaitikia "Utuombee," na yeye akakwama, akakohoa, nikaona machozi. Analia kweli, Baba. Ungekuwa uongo ningemwogopa kidogo tu.

Padre aliondoka mara tu baada ya Misa, alikuwa na kigango kingine cha kuwahi. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mkorosho wetu. Baba Mdogo alisimama pale, kisu chake kiunoni. Mama akaniletea chako kwenye kanga ile ile.

Nilimpita Baba Mdogo, nikateremka kuelekea kwa Mzee Mbaraka. Sikukimbia. Nilimkuta ameketi mlangoni, amevaa kanzu safi na kofia. Alikuwa amejiandaa, Baba. Aliniambia mkono una kutu, na alfajiri aliamka akapiga pasi kanzu.

Nilimshika mkono. Tukapanda kilima hivyo, mimi na yeye, na watu wakatupisha mbali kuliko ilivyohitajika.

"Kaka yangu hajaoza," Baba Mdogo akasema, "na wewe unamshika mkono aliyemla?"

Nilikuwa na maneno. Niliyatunga njia nzima kutoka Lindi, yenye mpangilio, yenye adabu. Yote yalipotea. Nikasema, "Baba aliuawa na presha. Daktari aliniambia mimi mwenyewe." Hata hapo sauti ilipanda ikawa ya kitoto. Nikakitoa kisu nikakikabidhi kwa mikono miwili. Nyuma yangu mtu akasema, "Haya. Tutaona." Baba Mdogo akatema mate chini, akawachukua wanawe wakaondoka.

Mzee akasema Bismillahi, akachinja, safi, mara moja. Neno la mchicha hakulitaja.

Wali ulipakuliwa. Watu walikula wali, nyama wakaisukuma pembeni mwa sahani. Hata Waislamu waliokuja walifanya hivyo. Mzee mwenyewe hakugusa. Nilipomsogezea aliniambia kwa sauti ya chini, "Nikila watasema najua kipande kisicho na kitu. Nisipokula watasema najua kilichomo. Acha ninywe maji."

Ndipo mmoja wa vijana akaniita kwa kazi yangu ya dukani, "Karani! Mbona wewe huli?"

Wote wakageuka. Mama alikuwa na upawa. Alinipakulia yeye mwenyewe, na nikaona mkono wake unasita juu ya sufuria. Alishaona mume akianguka siku kama hii. Nikala. Nikala mpaka mfupa, nikalamba vidole kama ulivyokuwa unalamba wewe, Mama akinifuata kwa macho kila tonge. Kisha nikainuka kwenda kunawa. Kijiji kizima kikaacha kutafuna. Nilisikia hatua zangu mwenyewe mpaka penye ndoo. Nikanawa. Nikarudi nikaketi, na mtu fulani akashusha pumzi. Mwingine, nadhani, alisikitika kidogo.

Mganga hakuja. Nilijipongeza kwa hilo mpaka jioni Mama aliponieleza ujumbe wa Baba Mdogo: "Tusubiri. Tumpe muda." Nikauliza mzee amepewa muda wa nini. Mama akanitazama kama ninayeulizia kitu kilichoandikwa ukutani. Si mzee aliyepewa muda, ni mimi. Nimekula mbele ya wote, basi wanangoja. Nikiugua, nikigongwa na pikipiki hapa mjini, nikiteleza bafuni, hakuna atakayeuliza daktari alisema nini. Watakwenda kwa Mzee Mbaraka.

Naye anajua. Aliponisindikiza kufuata bodaboda alinishika bega. "Usife kwanza, mwanangu. Nataka kupanda mihogo upya." Akacheka peke yake. Mimi nilishindwa kumsaidia kucheka.

Jana niliposhuka Lindi sikwenda chumbani kwanza. Kichwa kilikuwa kinagonga, nikaenda kupima. Muuguzi alisoma kipimo, akalegeza mkanda mkononi mwangu, akakaza tena, akasoma tena. "Umri wako huu?" akauliza. "Nyumbani kuna mtu ana presha?"

Nikasema alikuwepo.

Ninayo, Baba. Sauti uliachia mdogo wako, mimi umeniachia hii. Mama sijamwambia. Nikimwambia, atalia, na akilia watu watauliza, na nyumba ya yule mzee haiko mbali na kiberiti. Leo asubuhi Mzee mwenyewe amenipigia simu, kabla sijaenda kanisani. Hana desturi ya kupiga, simu yake huwa ya kupokelea tu. "Umeamkaje? Homa hakuna? Kichwa?" Nimemjibu sijambo kabisa. Akasema Alhamdulillahi, akabaki kwenye simu mpaka salio lake likaisha.

Mashahidi wako nimewaadhimisha tangu nikiwa mgongoni kwa Mama. Nilidhani kitu kigumu walichotakiwa kukifanya ni kufa. Mimi natakiwa nibaki hai mpaka sikukuu nyingine, na baada yake nyingine tena, nile kila mara mbele yao nikanawe mikono nikarudi. Naogopa, Baba. Naogopa kuvuka barabara. Naogopa usingizi wangu mwenyewe.

Lakini ninakuahidi. Nitameza kidonge kila siku, na wakati wa novena nitafunga nyama, nitafunga sukari, nitafunga chochote utakacho isipokuwa hicho. Mwaka ujao, Mungu akiniweka, nitateremka tena mpaka mlangoni kwa Mzee Mbaraka na kisu chako kwenye kanga. Na nitamngoja aseme habari ya mchicha. Hatachinja mpaka aseme.

Kidonge cha leo nimekwisha kukimeza. Ukimwona huko yule mdogo niliyepewa jina lake, mwombe anishike mkono. Asiniambie nisiogope.

Lala salama, Baba.

Mwanao,
Kizito