Daftari Nililolifungia Sandukuni

Hayes, London
Jumamosi

Dada yangu mpenzi Zuhura,

Salamu zikufikie wewe na wote hapo nyumbani, nikitumai mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila barua yako imefika na bahasha iliyobandikwa gundi mara mbili, kama iliyofunguliwa njiani. Hebu chunguza nani huipeleka posta.

Unanijua, watu siwaamini upesi. Nikitoka kazini, kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, jioni nasomea uuguzi msaidizi. Nikifaulu nitaajiriwa hospitali, niagane na kubeba maboksi. Darasani nakaa na Asha, Mpemba wa Wete, mama wa watoto watatu. Kila siku kabla ya mwalimu kuingia, hufungua aliyoyaandika jana, akayafunika kwa kiganja, akajisemea midomoni. Mpemba, kisha ananong'ona juu ya karatasi? Nikashuku uchawi, nikasogeza kiti mbali naye. Aliponiomba daftari langu, nikasema nimelisahau. Tangu hapo nikirudi nyumbani nalitia sandukuni, na kufuli juu.

Mtihani ukaja. Kila kitu nilikuwa nimekiandika daftarini, tena kwa mwandiko mzuri, lakini sikukumbuka hata dalili za sukari kushuka. Asha akawa wa kwanza. Mimi nikaanguka, nikapewa nafasi moja tu ya kurudia. Nililia chooni, sikufichi.

Akanifuata huko huko. "Njoo kwangu Jumamosi, tudurusu. Kidogo kidogo kila siku, ndo yanakaa."

Nikajiuliza huyu anataka nini kwangu. Nilikwenda, lakini chai yake nilingoja ainywe yeye kwanza. Wiki ya nne sasa. Kila siku nayapitia ya jana, na Jumamosi nafunika daftari nikimweleza somo, nikikwama ananirudisha. Yananikaa kweli, ila shaka haikunitoka. Leo nikamuuliza wazi, "Wewe wafaidi nini?"

Akakoroga chai yake. "Wanangu nikiwasemesha, wanijibu Kiingereza. Wewe wanijibu Kiswahili."

Nilishindwa kumtazama, dada. Jumatatu narudia mtihani. Nikifaulu, kazi yenyewe ya hospitali ni ya Jumamosi na Jumapili, tena upande wa pili wa mji. Sijamwambia.

Nisalimie mama, na shemeji, na shangazi mwenye duka. Niombeeni dua.

Mdogo wako,
Rukia