Nimeshiba, Asante

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Leo tena. Tumepanda mpaka kizuizi cha askari, tumegeuka, tumeshuka. Magoti yanawaka. Jirani yangu Consolata anatembea huku anasimulia vituko vya wanafunzi wake, mimi natweta tu. Bila yeye nisingethubutu. Njia ya kupanda mtaa wa Gihosha si ya mwanamke peke yake, siku hizi za vita.

Kisha kwake, kama kawaida. Ndizi na maharage, mawese yanaelea juu. Sahani moja, mikono yetu miwili. Nimekula mno.

Jumatano, 4 Septemba

Dispensari. Mizani haikusogea hata kidogo. Jasho lote lile, bure!

Muuguzi ameuliza nikitoka kutembea nafanya nini. Nakula, nimesema. Kacheka. Ati basi natembea kwa ajili ya sahani. Ninachochoma njiani nakirudisha chote mezani kwa watu. Nisiguse hata kijiko baada ya matembezi. Vidonge vya ugonjwa wangu wa sukari vimebaki vichache, tangu nchi jirani zitufungie mipaka, hiyo ambargo yao, haviingii. Mwili ukipungua, dozi nayo itapungua. Usipopungua, tungoje mguu kukatwa.

Baba alikatwa wa kulia. Kisha wa kushoto. Kisha tukamzika. Sitaki. Naogopa.

Consolata hajui habari ya sukari. Nimemwambia nataka kupungua, basi. Katika mtaa huu ukisema unaumwa na huku unakonda, watu wanakuchagulia wenyewe ugonjwa, ule usiotajwa. Nani ataleta tena kitambaa nimshonee?

Jumamosi, 7 Septemba

Leo kwa Consolata nimekataa sahani. Nimesema, "Nimeshiba, asante."

"Umeshibia wapi, we? Si tumetoka wote huko juu? Mutu akitumika kazi anakula. Hata gari apana kutembea bila kutiwa mazuti."

Nimecheka, nimeondoka. Harufu ya maharage imenifuata mpaka mlangoni kwangu.

Na labda anasema kweli. Sijapata kuona mtu akilima kutwa halafu akalala njaa kwa kupenda. Lakini muuguzi kasomea. Mimi najua nini? Cherehani.

Aibu pia. Kwenye kambi za waliokimbia vita watu wanachemsha majani, na mimi natoka jasho ili nipunguze mafuta yangu. Astaghfirullah.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekataa tena. Safari hii alikuwa ameshaweka sahani mkekani. Chakula kilivyo ghali, na ndugu zake waliokimbia vita wamejaa nyumba nzima. Amefunika sahani.

Njaa. Nawachukia wote wanaotafuna. Mtoto wa jirani kapita na andazi, nimemtazama vibaya, kakimbia.

Ijumaa, 13 Septemba

Consolata hakuja. Juzi vilevile. Nimekwenda kugonga, ndugu yake kasema amechoka. Nimesikia sauti yake ndani, anaongea vizuri kabisa.

Sijatembea. Nimeshona vibaya, nimefumua, nimeshona tena vibaya.

Jumamosi, 14 Septemba

Mama Saidi wa nyumba ya pembeni kaja kuchukua gauni lake. Amesema bila kunitazama: "Consolata analia. Anasema unaogopa chakula chake. Ati hata wewe umekuwa kama wengine."

Ya Rabi.

Nimeelewa palepale. Katika mji huu, sasa hivi, hakuna anayesema nakuogopa utaniwekea sumu. Anasema nimeshiba. Anasema asante. Nami nimelisema neno hilo kwa mdomo wangu huu, mara mbili, tena kwa tabasamu.

Katika vita hivi yeye ni wa upande ule, mimi wa huu. Hatujawahi kulitaja. Usiku ule mtaa ulipomiminiwa risasi nililala kwake, godoro moja, mkono wake juu ya kichwa changu. Na leo anaamini hivi.

Nimwambie nini? Kwamba kweli ni rejimu tu, najinyima nikonde? Vitani? Mimi mwenyewe nisingeamini.

Mjinga mimi. Mjinga kabisa.

Jumatatu, 16 Septemba

Naandika kitandani.

Nimetoka peke yangu, kwa hasira. Kidonge kizima asubuhi. Chakula hakuna, ila chai kavu. Nimepanda mbio mbio ili nisifikiri. Karibu na kizuizi jasho la baridi, macho yamejaa giza, miguu si yangu tena. Nimeanguka. Askari kafikiri nimelewa, kanitukana. Mwenzake kaona midomo yangu imepauka, kaninywesha chai yake yenye sukari nyingi, kidogo kidogo, kama mtoto mchanga. Nimerudi duniani.

Wamenipeleka dispensari. Daktari kagomba. Kidonge kinashusha sukari, kutembea kunashusha sukari, na njaa juu yake: nilikuwa natafuta kufa? Mwenye mwili mzito na asiye na dawa anaweza kutembea asirudishe kitu, hiyo ni habari nyingine. Mimi ninayemeza kidonge lazima nirudishe sehemu ya nilichochoma. Si sahani nzima. Lakini kitu. Na nile kabla ya kupanda.

Kwa hiyo Consolata alisema kweli, karibu yote. Nimelia mbele ya daktari. Kafikiri ni ugonjwa.

Alhamisi, 19 Septemba

Siendi popote. Mguu mzima, mizani imeshuka, na sina furaha hata ya punje. Mara tatu nimevaa mtandio nikamwone. Mara tatu nimeuvua.

Jumapili, 22 Septemba

Nimekwenda kwa Consolata, aliporudi kutoka misa kanisani. Nimemwambia yote. Sukari, baba, muuguzi, kidonge, kuanguka. Nimemwambia nina njaa na nimekuja kula.

Amesikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, dada. Ungeniambia." Sauti nzuri, ya mtu anayepokea wageni.

Amepasha ndizi na maharage. Ameweka sahani katikati yetu. Nimenyoosha mkono, naye kanitangulia. Kachukua tonge katikati ya sahani, kalitafuna polepole, kalimeza, macho ukutani. Kisha kasogeza sahani kwangu.

Kwetu mwenye nyumba huonja hivyo mbele ya mgeni, mgeni aone hakuna kitu ndani. Miaka yote hii hajawahi kunionjea.

"Karibu," amesema.

Nimekula. Daktari alisema kidogo, mimi nimekula mpaka sahani imeisha. Yeye hakugusa tena.