Kifo cha Chausiku

Bariadi, Simiyu

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na mikorosho ya nyuma ya nyumba imeanza kutoa maua? Mimi mwili mzima, kazi ya kupakia marobota ya pamba bado ninayo, ila moyo hauko sawa. Najua Zuhura ndiye anayekusomea. Mdogo wangu, soma yote, usimrukishe Mama hata mstari mmoja.

Mama, Chausiku amekufa. Yule mbuzi mfupi uliyenipa angali mtoto, nikampakata kwenye kikapu toka Newala mpaka huku, amekufa kwa kosa langu mimi.

Nilimtunza, Mungu shahidi. Udongo wa huku ni mweusi, mvua ikinyesha unanata kwatoni, kwa hiyo nilimjengea kichanja cha miti kama chako ili alale pakavu. Kwato nilizichonga kwa kisu kila zilipoanza kujikunja. Majani nilimtundikia, chumvi nilimlambisha kiganjani. Nikirudi kazini namkuta ananisubiri mlangoni, na kwa mtu asiye na ndugu mji mzima, hilo si jambo dogo.

Lakini hapa ni kwa Wasukuma, watu wa ng'ombe. Mtu huheshimiwa kwa mifugo yake, nami nilikuwa na mbuzi anayenifika gotini. Jirani yangu, Mzee Masanja, kila akipita na kunisalimia kwa Kisukuma lazima anichokoze.

"Mwangaluka, Mmakonde! Huyo sungura wako bado hajakua tu?"

Nacheka naye, kicheko cha mdomoni. Siku moja akasema, "Mlete kwa beberu langu, akuzalie mbuzi wa kueleweka."

Uliniusia kabla sijaondoka kwamba mbuzi hawa wapandwe na wafupi wenzao. Sikusahau, Mama, nilijitia hamnazo tu. Nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nikampeleka, na nikamshikilia kwa mikono yangu asikimbie.

Miezi mitano baadaye uchungu ukamshika asubuhi. Mpaka adhuhuri kichwa cha mtoto kimekwama. Afisa mifugo alikuwa Lagangabilili akichanja ng'ombe, nikamkimbilia Mzee Masanja. Akaosha mikono, akaipaka mafuta ya kula, akavuta taratibu huku jasho likimtiririka.

"Pole, ng'wanawane," akaniambia, kama mtu anayesema na mwanawe. "Njia ni ndogo."

Mtoto alitoka hai. Chausiku akamlamba mara mbili tatu, lakini damu haikukata. Alilaza kichwa pajani pangu, akafa kabla ya alasiri. Tangu siku hiyo Mzee Masanja hanitanii tena, ananiita kwa jina langu, na mimi naona afadhali ya yale matani.

Mtoto ni dume, jitu kweli. Namnywesha maziwa ya ng'ombe kwa chupa. Wapitao husimama na kumsifia, "Sasa huyu ndiye mbuzi!" Mimi siwezi kumtazama kwa muda mrefu.

Kuna jingine, nalo ndilo lililonishikisha kalamu. Ile Ijumaa uliponipigia kuuliza kama amezaa, ilikuwa siku ya tatu tangu nimzike. Nikakujibu amezaa, mama na mtoto wote wazima. Nilikudanganya, Mama. Ukapiga kigelegele, na wa nyumba ya pili wakakuitikia, nikawasikia wote simuni. Nilitaka kukukatiza, sikukukatiza. Nikakaa na simu sikioni mpaka mlipomaliza kushangilia.

Mwambie Baba Mdogo Issa nimepata salamu zake. Msalimie sana Bibi, naye usimweleze haya mpaka kifua chake kitulie. Na Shangazi Mwanahawa, ambaye kigelegele chake nilikitambua kuliko vyote, mwambie wewe mwenyewe, asisikie kwa watu. Mwambie Hamisi alimwonea haya mbuzi wa kwao.

Ni mimi mwanao, ninayekuomba radhi,

Hamisi