Ramani ya Vipande Vinne

Jumatatu, 7 Novemba 1955
Mtoto wangu anaota meno. Nimefundisha naye mgongoni tena. Vitabu vya jiografia viwili, watoto kumi na sita. Nimewagawa wanne wanne. Kila kikundi kichore kipande kimoja cha shamba hili la bwana mzungu: mto, zizi, barabara, nyumba yake. Halafu kifundishe vikundi vingine. Jumatano ya wiki ijayo mtihani wa darasa la nne unaletwa kutoka Nakuru. Wakianguka, ni kuchuma maua ya pareto humu shambani maisha yao yote. Na sitaki kusikia fulani ndiye hajui. Nikiuliza nani kafanya, jibu ni "sisi".

Jumatano, 9 Novemba
Chepkoech amefundisha! Mwaka mzima sijasikia sauti yake. "Maji yanatoka msituni, yanashuka hivi. Wewe Kamau usicheke, wewe ndio unaoga huku chini, ng'ombe wakishamaliza." Nimecheka mpaka mtoto akaamka. Vipande tumevishona kwa uzi wa gunia. Viko ukutani.

Ijumaa, 11 Novemba
Nyapara wa shamba alipita, akaona ramani, akarudi na askari wawili. Sikuelewa. Kisha nikaitazama kwa macho yao: njia ya msituni, zizi, nyumba ya bwana, mlango wa nyuma. Na Hali ya Hatari hii, wapiganaji wako msituni. Karatasi niliwapa mimi.

Askari mmoja akauliza, "Nani alichora huu mlango?"

"Sisi." Watoto wote kwa pamoja.

Nikasema ni mimi. Wakasema tena, "Sisi." Askari akamgeukia nyapara: "Hawa wamekula kiapo cha watu wa msituni." Watoto wa miaka kumi. Niliwafundisha mwenyewe neno hilo.

Jumamosi, 12 Novemba
Nimeshinda kituo cha polisi na mtoto. Waliwaingiza wanafunzi wangu mmoja mmoja, kila mmoja aeleze ramani peke yake. Nilijua tumekwisha. Shule itafungwa, nami nitawekwa ndani, nani atanyonyesha huyu?

Wote kumi na sita walieleza vipande vyote vinne. Sawasawa, mpaka josho la kuogeshea ng'ombe. Chepkoech alimwambia askari, "Afande, umeishika kichwa chini." Mkubwa wao akacheka, akasema hii ni shule kweli.

Ramani wameichoma mbele yangu. Shule ibaki, lakini madawati yatazame mbele. Vikundi marufuku. Nimeitikia. Bado siamini niko nyumbani.

Jumatano, 16 Novemba
Mtihani umefika. Hesabu asubuhi, kila mtoto dawati lake. Wakati wa mapumziko kabla ya jiografia niliwakosa uwanjani. Wako nyuma ya tangi la maji, wanne wanne, kijiti mkononi, mto na barabara vimechorwa mchangani. Waliponiona Kamau akaweka mguu tayari kufuta.

Nimewaambia kengele bado. Nikaenda kusimama kwenye kona ya jengo, panapoonekana njia anayopita nyapara. Mtoto alikuwa amelala mgongoni.