Gari la Ulaya Halitikisiki

Nikodemo, sina pa kuficha uso. Nakuandikia kwa penseli toka behewa la mizigo, nimekaa na mbuzi.

Nimemwangukia mama mkwe. Mama mkwe, Nikodemo! Mtu ambaye sijawahi hata kumpa mkono!

Mdomo umeniponza. Gari liliposimama stesheni ya Dodoma nilikuwa nawasimulia abiria wenzangu behewani safari yangu ya Ulaya na mmisionari: "Gari la moshi la kule halitikisiki, mtu husimama bila kushika kitu. Hili walilotuletea Wadachi ni punda tu."

Nikasimama, nimekunja mikono, niwaonyeshe.

Gari likang'oka ghafla. Nikatua mapajani mwa mama mkwe, aliyeketi nyuma yangu, pu!

Hakunitazama. Alimgeukia mke wangu, akasema taratibu, "Ruthu, muulize mumeo, Ulaya nako wakwe hupakatwa?"