Maneno ya Muuguzi Uliyonificha

Mwanangu Ebeneza, Makambako,

Kwa jina la Mungu ajuaye yote, nakusalimu kutoka Njombe. Baridi ni kali, lakini tu wazima.

Uliniambia, "Baba, UTI ya Getruda hairudirudi bure, mke wangu ana mwanaume." Nami, mzee wa kanisa, nikamzuia mkamwana wangu Meza ya Bwana.

Jana Getruda alinieleza kwamba muuguzi aliwaambia nyote wawili: ni vijidudu vya kibofu, huwarudia hata wake waaminifu, anywe maji ya kutosha, asibane mkojo, amalize dawa. Ulisikia, ukanificha, ili upate sababu ya kumwacha.

Jumapili nitamwomba radhi mbele ya usharika. Uje, useme ukweli wewe kwanza.

Bwana akurehemu, wewe na nyumba yako.

Baba yako,
Filemoni