Taa ya Chatu

Ng'washi,

Chatu wako ana maambukizi ya mapafu. Asubuhi nilimkuta anahema mdomo wazi, mapovu puani. Daktari wa mifugo amemchoma sindano. Anasema atapona, ila mayai yaliyo tumboni hana uhakika nayo. Usimlishe wala usimbebe.

~~Baridi iliingia kwa sababu hukufunga kasha lake~~ Hapana. Taa yake ya joto niliitoa mimi Jumamosi, nikawawekea vifaranga. Nimeirudisha leo.

Jana alipoanza kukoroma nilikugombeza, ukasema, "Mama, haki ya Mungu, kasha nilifunga." Ulifunga. Nilijua hivyo wakati nakugombeza.

Nimeenda Mabatini kununua taa ya pili. Vifaranga wako kwenye boksi karibu na jiko.

Ukininunia ni haki yako, ila taa usiizime.

Mama